Bibi wa Makuti na Kipaa cha Nyuma

Mteja akifika kwenye uwanja wake pale Temeke na kuuliza bei ya makuti, Bibi wa Makuti hakumjibu. Alimwuliza kwanza, "Jiko lako liko wapi?"

Wengine walidhani hakusikia. Walirudia kuuliza bei kwa sauti ya juu zaidi, naye akarudia kuuliza jiko kwa sauti ileile ya chini. Siku moja fundi wa bandarini, mtu mwenye kifua, alimgeukia mwenzake akasema, "Twende zetu. Huyu anataka kualikwa chakula." Bibi akawaacha waende. Walipofika barabarani wakakumbuka kwamba masika yalikuwa yamebakiza majuma mawili, na kwamba Temeke nzima hapakuwa na makuti yaliyosukwa kwa kubana namna ile. Wakarudi.

"Jiko liko uani, Bibi."

"Mbali na nyumba?"

"Hatua kumi hivi."

"Hatua zako wewe, au za mwanao anayejifunza kutembea?"

Fundi akacheka, lakini Bibi hakucheka. Akanielekezea kidole. "Miguu, nenda naye ukapime."

Miguu ndiye mimi. Jina hilo alinipa yeye, kwa kuwa siku tuliyofahamiana nilimwambia nimekuja Temeke kwa siku mbili tu, nikitokea kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na kabla ya hapo kwenye reli, na kabla ya hapo sehemu ambazo nilikuwa nimekwisha zisahau. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu alitaka nikae. Mambo ya kitabuni niliyapenda, ila kuketi kulinishinda. Kazi ya kwenda kuchungulia majiko ya watu ilinifaa kuliko zote nilizopata kufanya. Nilipima kwa hatua zangu kutoka ukuta wa nyumba hadi kwenye mafiga, nikarudi kumwambia. Kama jiko lilikuwa chini ya paa la nyumba, au limeegemezwa ukutani, hakuuza. Mteja angeweza kumwaga fedha zote chini, Bibi angemwambia, "Hamisha jiko kwanza, makuti hayatoroki."

Kwa hiyo zile siku mbili zikawa miaka sita, ingawa katikati nilitoroka mara nne.

Juu ya ukoo wake sina la kusema. Nilipomwuliza aliniuliza kama nataka kumposa. Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba vitu, na kaniki aliyoivaa uwanjani ilikuwa safi kuliko kanzu za waliokuja kununua. Alinusa ugoro. Hakutaka mtu avute sigara uwanjani wala hata nje ya uwanja kwa upande unakotoka upepo. Alisoma herufi za Kiarabu, za Kizungu hakuzijua, basi gazeti likipatikana nilimsomea mimi. Nilianza na habari za vita vya nchi za mbali, kwa kuwa ndizo nilizozipenda. Akanikatiza. "Moto hakuna humo?" Nilitafuta habari za nyumba iliyoungua. Kama haikuwapo, alisema, "Haya, endelea na vita vyako," akasinzia.

Watu walimheshimu kwa jambo moja hasa. Makuti huuzwa kwa mafungu, na wauzaji wengi waliweka mazuri juu na chini, yaliyokwisha kuliwa na wadudu wakayaficha kati. Bibi alimwambia mnunuzi achague fungu, kisha akalifungua lile fungu mbele yake na kuchomoa kuti la katikati kabisa. Akalishika dhidi ya jua. Mwanga ukipenya, fungu zima liliwekwa kando kwa ajili ya mabanda ya kuku. Nilimwona akifungua mafungu saba kwa ajili ya mteja mmoja ambaye alikuwa amekwisha ridhika na la kwanza.

"Bibi, mwenyewe ameridhika," nilimwambia.

"Mie bado."

Lakini mtu huyohuyo aliyetaka kila fungu lifunguliwe alikuwa na mambo yake yaliyofungwa. Aliishi Kinondoni, upande wa pili wa mji, naye alikuja Temeke kila asubuhi kwa basi na kurudi kabla jua halijazama. Wateja hawakujua kwake. Wasukaji wake, wanawake kama thelathini wa Mbagala, hawakujua kwake. Alihimiza upole katika maongezi ya biashara, na siku hiyohiyo nilimwona akimtupia kiatu mpakiaji aliyemjibu ovyo. Alikataza umbeya, ila hakuna posa wala talaka ya Temeke iliyompita.

Mimi nilipajua Kinondoni. Alinichukua mara moja nikamfanyie kazi ya kuezeka, na nilipopanda ngazi nikakuta nyumba imekwisha ezekwa. Ilikuwa na mabati mazima, mapya, vipaa vyote viwili, cha mbele na cha nyuma. Alichotaka nifanye ni kulaza makuti juu ya mabati yale, kipaa cha mbele tu, kile kinachoonekana na wapita njia.

Nilikaa pale juu nikiwa na kuti mkononi, nisijue nicheke au nishuke.

"Fanya kazi," alisema kutoka chini. "Na utakayoyaona Kinondoni yaache Kinondoni."

Niliyaacha. Nasema hivyo kwa sababu baadaye wapo walionishuku.

Shida ilipoanza, ilianza kwa upande wa mji. Ofisa wa Kizungu aliyeshughulikia ramani na nyumba, sisi tukimwita Bwana Mji, alianza kupita Temeke na vijiti vyake na mtu wa kumbebea karatasi. Ikasemwa kwamba mitaa itapangwa, na mtaa uliopangwa hautakuwa na paa la makuti, kwa sababu ya moto. Wauzaji wa makuti watatolewa nje ya mpaka wa mji. Hakuna aliyejua lini. Bwana Mji akiulizwa alijibu kwa Kiswahili kizuri cha pwani, "Bado tunatazama," na maneno hayo yalitunyima usingizi kuliko ambavyo amri ingefanya.

Wakati huohuo chuo kilichokuwa upande ule, kilichofundisha vijana ualimu, useremala na ukarani, kilijenga mabweni sita. Kuta zilikuwa zimekwisha simama. Paa lilikuwa halijaamuliwa. Mmoja wa walimu, mtu wa bara, Mkristo mpole aliyevaa tai hata Jumamosi, akaja uwanjani kwetu akiwa na kofia mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Jiko lenu liko wapi?"

Mwalimu akatabasamu, kumbe alikuwa amekwisha simuliwa. "Jiko la chuo liko mbali, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Lakini sikuja kununua. Nimekuja kuomba maneno."

Akaeleza. Vijana wa chuo walijua kuhesabu na kuandika barua, ila wengi hawakuwa wamemsikia mtu aliyejenga biashara kwa mikono yake akieleza alivyoijenga. Basi chuo kiliita wafanyabiashara wanne, kila mmoja Jumamosi yake. Wa kwanza ni mwenye mabasi, wa pili mwenye duka la vitambaa, wa tatu Mwarabu mmoja wa siku nyingi aliyeuza nafaka. Wa nne alitakiwa Bibi.

"Kusema kweli, Bibi, wakubwa wa chuo watakuwapo. Bwana Mji naye. Baada ya mazungumzo hayo ndipo watakapokata shauri la mabweni, makuti au bati."

Hapo nikaona mkono wa Bibi ukisimama juu ya kopo la ugoro. Alielewa papo hapo, na mimi nikaelewa baada yake. Chuo ni cha serikali. Wanafunzi wa serikali wakilala chini ya makuti hapohapo Temeke, Bwana Mji atasema nini juu ya makuti ya Temeke? Uwanja ungebaki, na wale wanawake thelathini wa Mbagala wangebaki na kazi. Chuo kikichukua bati, tumekwisha.

"Nitakuja," alisema.

Jumamosi tatu za kwanza alinituma mimi nikasikilize. Hakuna aliyenipa kazi tamu kuliko hiyo. Nilisimama nyuma ya ukumbi, karibu na dirisha, nikala kila neno. Mwenye mabasi alisema aliamka alfajiri miaka yote. Mwenye vitambaa alisema mteja ni mgeni wa heshima. Mwenye nafaka alisema usimwamini mtu mpaka ule naye chumvi. Nilirudi nikampa Bibi yote, na sauti zao.

"Waliulizwa nini?"

"Hawakuulizwa kitu. Walipigiwa makofi."

"Basi hawakufundisha. Mtu akifundishwa huuliza."

Nilimwambia kwa heshima kwamba ingekuwa vizuri kwetu sisi kama na yeye angepigiwa makofi tu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilipomwona na wasiwasi, kwa maana hakunitupia kitu.

Siku yake ilipofika alivaa kanga mpya na kubeba fungu moja la makuti kichwani mwenyewe, akanikataza nimsaidie. Ilikuwa alasiri. Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa mkuu wa chuo na Bwana Mji, soksi zake ndefu zimevutwa hadi magotini. Mlangoni, juu ya mkeka, walikaa wasukaji sita waliotoka Mbagala kwa miguu ili waone mama yao akisema mbele ya Wazungu. Kiongozi wao alikuwa Mwanahawa, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, ambaye makuti yake Bibi hakuyajaribu juani kwa sababu hapakuwa na haja.

Bibi hakupanda jukwaani. Aliliweka fungu sakafuni, katikati ya vijana, akamwambia mmoja alifungue na kuchomoa kuti la kati. Akawaonyesha jinsi ya kulitazama juani. Akasema mwenye biashara asiyejua kilichomo katikati ya mzigo wake ni mpagazi tu. Akasema mnunuzi akija na haraka, mwulize haraka ya nini, maana mara nyingine anachohitaji sicho anachoomba. Akawasimulia habari za jiko na hatua, na jinsi nilivyopata kufukuzwa na mbwa wa watu nikipima. Vijana walicheka sana. Hata Bwana Mji alicheka. Nikamwona Mwalimu akifuta jasho la furaha. Mlangoni Mwanahawa alikuwa amenyoosha shingo kama mwenye harusi.

Kisha Bibi akasema, "Haya, ulizeni."

Mmoja akauliza jinsi ya kupata mtaji. Mwingine akauliza kama mwanamke anaruhusiwa leseni. Akajibu yote. Wa tatu alikuwa kijana mwembamba, mwanafunzi wa ukarani, aliyeuliza bila kusimama.

"Bibi, mie nimepanga chumba Kinondoni. Dirisha langu linatazama nyuma ya nyumba yako. Nataka kujua, kipaa cha nyuma umeezeka nini?"

Wale waliokuwa mbele hawakuona uzito wa swali. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha wa jirani. Lakini Bibi alikuwa ameacha kusema, na kimya chake kikasambaa, safu kwa safu, hadi kikafika kwa Bwana Mji, ambaye alikuwa anaweka kofia yake tayari kuondoka. Akairudisha magotini.

Mwalimu akainuka. "Nadhani hilo ni jambo la nyumbani kwa mtu. Kama hakuna swali jingine..."

"Mwache," alisema Bibi.

Nilijua angeweza kupona. Angesema, nimeezeka makuti, kijana ameona banda la jirani. Nani angebisha? Kulikuwa na mimi tu, na alijua mimi nisingefumbua mdomo. Aligeuka akanitafuta kule dirishani. Naapa nilimtikisia kichwa. Nilimwomba kwa macho aseme uongo, ule mmoja tu, mdogo, wa kuwaokoa watu thelathini.

"Bati," alisema. "Kipaa cha nyuma bati, na cha mbele bati. Yale makuti ya mbele yamelazwa juu yake ili watu wayaone."

Kicheko kilianza na kikafa hapohapo.

"Kwa nini, Bibi?" kijana aliuliza. Safari hii alisimama. Nadhani alikuwa amekwisha ogopa, ila swali lilikuwa limekwisha toka.

"Kwa sababu naogopa."

Ndipo akaeleza jambo ambalo katika miaka sita sikuwa nimelisikia. Alipokuwa anaanza biashara aliuza makuti kwa familia moja ya Keko, akafurahi kwa kuwa walichukua mengi. Hakuuliza kitu, alitaja bei tu. Jiko lao lilikuwa chini ya upenu wa nyumba. Katika msimu wa kaskazi walikuwa na shughuli, wakamwalika, akalala kwao. Moto ulipanda mchana, watu wamejinyoosha baada ya chakula. Yeye alitoka. Mama mwenye nyumba alitoka pia, kisha akarudi ndani kumchukua mkwewe aliyekuwa hawezi kutembea. Hawakutoka tena.

"Tangu siku hiyo nauliza jiko," alisema. "Na tangu siku hiyo, nikilala chini ya makuti, sifumbi macho. Nimejaribu. Ndiyo nikanunua bati."

Bwana Mji aliinua kidole kwa adabu, kama mwanafunzi. "Kwa hiyo Bibi mwenyewe anakubali kwamba makuti ni hatari?"

"Nakubali moto ni hatari. Jiko likikaa mbali, makuti hayana neno."

"Na la kwako, Bibi, liko mbali?"

"Liko mbali."

"Na bado unalala chini ya bati."

"Bado," alisema.

Bwana Mji akachukua kalamu akaandika. Sikupata kusikia kalamu ikikwaruza namna ile. Nilipotazama mlangoni, mkeka ulikuwa mtupu, na Mwanahawa alikuwa anavuka uwanja wa mpira kwa hatua ndefu, wenzake wakimkimbilia nyuma.

Makofi yalipigwa, mengi. Bibi hakuyasikia. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, analifunga tena lile fungu.

Lori letu lilikuwa likienda Mbagala kila Jumanne na kurudi na mzigo. Jumanne ile nilikwenda nalo nikarudi nalo tupu, na ndani yake, amesimama, ameshika ubao, Mwanahawa.

Hakusalimu. "Umetufanya nini, Bibi?"

"Nimejibu nilichoulizwa."

"Vidole vyetu vinatoka damu tunakusukia. Sie tunalala chini ya makuti haya, na watoto wetu, na wazee wetu. Wewe unayaogopa, halafu unatuambia mkaze, mbane, yawe mazuri. Mazuri ya nani?"

"Mwanahawa, ningewaambia nini?"

"Kwamba unaogopa! Tungekucheka siku mbili tukamaliza. Umekwenda kuwaambia watoto wa watu na Mzungu, na sie tukasikilizia mlangoni."

Bibi alishika kopo la ugoro bila kulifungua.

"Siku utakapolala chini ya makuti tuliyosuka sie," Mwanahawa alisema, "ndiyo siku ulete lori. Kabla ya hapo petroli yako usiipoteze." Akashuka, akaondoka kwa miguu. Mbagala siyo karibu.

Chuo kilichukua bati. Barua ya kuhama ikaja mwezi uliofuata, ikatupa miezi miwili tutoke nje ya mpaka. Wauzaji wengine wa Temeke walijua maneno ya nani yalikuwa yametumiwa, maana Bwana Mji aliyarudia kila alipoulizwa, kwamba hata mwuzaji wenu mkubwa halali chini ya makuti. Wakaacha kumwamkia. Wengine walipita uwanjani kwetu wakitema mate chini. Bibi aliendelea kuja kila asubuhi, akaketi mbele ya mafungu yaliyobaki, na mteja akitokea alimwuliza jiko liko wapi.

Yule kijana wa ukarani naye alikuja. Alisimama juani muda mrefu kabla hajathubutu.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuomba radhi. Sikujua."

"Kama ungejua usingeuliza."

"Nimekuharibia."

"Umeuliza vizuri. Kosa lako moja, uliuliza umekaa. Swali kama lile mtu husimama." Kisha akamtazama vizuri, akaona jinsi alivyokonda. "Umekula? Miguu, mpe muhogo huyo mtoto wa watu."

Nilimpa. Tulikula sote watatu. Alipoondoka, Bibi aliniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza kabla, yaani mimi nafikiri nini.

Nilimwambia kwamba ningekuwa yeye ningedanganya.

"Najua," alisema. "Ulinitikisia kichwa kama mbuzi."

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Kulala chini ya makuti siwezi, Miguu. Siyo kwamba sitaki. Nafumba macho naona Keko."

Ningependa kusema nilikaa naye mpaka mwisho wa ile miezi miwili. Sikukaa. Miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha, na uwanja usio na kazi ni kama darasa. Nikapata meli ya kwenda Lindi, nikaagana naye asubuhi moja, akanipa kanzu iliyokuwa ya marehemu mumewe na kuniambia nisiifanye tambara. Sikuuliza atafanya nini. Katika maisha yangu yote nimeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Niliporudi, miaka kadhaa ilikuwa imepita na Waingereza walikuwa wameanza kufunga mizigo yao. Temeke nilipotea. Mitaa ilikuwa imenyooka. Mahali pa uwanja wetu palikuwa na nyumba tatu za bati na duka la baiskeli. Mwenye duka hakumjua Bibi yeyote. Nikashika njia ya Mbagala, nikijiambia naenda tu kutazama nchi.

Nilisikia kicheko kabla sijaona mtu. Nyuma ya minazi palikuwa na uwanja mkubwa kuliko ule wa kwanza, mafungu yamepangwa hadi juu ya kichwa, na wanawake wameketi chini, miguu imenyooshwa, wanasuka. Mmoja alinyanyuka, mrefu.

"Miguu! Tulidhani simba wa Lindi wamekula!"

"Simba hawapendi mifupa, Mwanahawa. Bibi yuko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Nyumba ndogo ya udongo, nadhifu, paa la makuti vipaa vyote viwili, makuti ya kubana, yasiyopitisha mwanga hata chembe. "Ile tumemwezekea sie," alisema. "Na bei tulimtoza kamili. Aliuza ya Kinondoni akaja na mkeka wake."

"Akalala ndani?"

"Wapi! Asubuhi tukaja tukamkuta uani, amejifunga shuka. Lori lake tukalirudisha tupu. Juma la pili tukamkuta uani vilevile. Tukalirudisha. Juma la tatu nimekuja mwenyewe mapema, nikamkuta bado uani, lakini ameingiza nyayo ndani ya mlango. Nyayo tu. Amekaza macho kwenye makuti kama anamvizia mwizi." Alicheka, kisha hakucheka. "Nikawaambia wenzangu, pakieni."

Bibi alinijua kwa mwendo, kabla sijafika. Alikuwa amezeeka mara moja, kama watu wengine wanavyofanya. Tulikula wali na kisamvu, akanihoji habari za kusini, nikamsimulia mpaka koo likakauka. Nilimwuliza kama vijana wa chuo huja. Alisema Mwalimu huwaleta kila mwaka, wanakaa hapo chini kwenye makuti na kuuliza maswali ya kumchosha mtu.

Baada ya chakula akanitandikia ndani, nikapumzike. Yeye akautandika mkeka wake mlango wa uani, akalala chali, kichwa na kiwiliwili nje penye kivuli cha ukuta, miguu ndani.

"Bibi," nilisema kutoka ndani penye giza, "ndivyo mpaka leo?"

"Mpaka leo nini? Mwaka wa kwanza zilikuwa nyayo. Sasa tazama." Akajipigapiga kwa kiganja. "Nimefika magotini."

"Na kuingia kabisa?"

"Usinikimbize. Mungu akipenda, mwakani kiunoni."

Akafumba macho. Punde nikasikia pumzi zake zimetulia. Mwanahawa akatokea ndani akiwa na kamba za kufungia mzigo, maana lori lilikuwa limefika uani na wenzake walikuwa wanamwita. Alisimama mbele ya ile miguu iliyoziba mlango. Kisha akageuka taratibu, akatoka kwa mlango wa mbele, akaizunguka nyumba nzima kwenda kupakia, ili asimruke.